Wagonjwa wa valvu ya chuma Pemba: niandike kisa kimoja au kundi zima? Na INR (kipimo cha damu kuganda) zilizochanganyika nizifanyeje?

mwanakliniki_pemba

Assalam alaikum wataalamu.

Kliniki yetu huku Pemba inafuatilia waliobadilishiwa valvu, wengi wao ya mitral (kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo), chanzo ugonjwa wa moyo wa rumatiki. Wanapasuliwa Dar au India, wanarudi na karatasi ya kuruhusiwa, kadi ya valvu na warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda), na kuanzia hapo mzigo ni wetu. Daftarini wapo kama 40 wenye valvu ya chuma. Mmoja damu imemganda kwenye valvu. Mwengine kapata kiharusi, INR ikiwa 1.4, yaani damu nzito kuliko inavyotakiwa.

Nataka kuandika kitu cha maana. Nimekwama hapa:

Niandike kisa cha yule aliyegandiwa peke yake, au kundi zima? Muda ambao INR ilikuwa ndani ya lengo unahesabiwa vipi? INR zenyewe zimechanganyika: nyengine za mashine ya tone la kidoleni, nyengine za maabara ya hapa, na chache sampuli ilivuka kwa boti kwenda Unguja. Naweza kuziweka kapu moja?

Tena kuna mwenzangu anasema tuwahamishie rivaroxabani (dawa mpya ya kuzuia kuganda, haifuatiliwi kwa INR), tuandike matokeo, tuachane na hizi INR.

---

mtafiti_vuga

Wa alaykum salaam dokta. Naanza na la mwisho kwa sababu lina roho za watu ndani yake: hilo la rivaroxabani liache kabisa. Utafiti wa RE-ALIGN uliotoka 2013 ulilinganisha dabigatrani, dawa mpya kama hiyo, na warfarini kwa wenye valvu ya chuma, ukasimamishwa kabla ya wakati kwa sababu waliopewa dabigatrani waliganda zaidi na kuvuja damu zaidi. PROACT Xa ilijaribu apixabani, nayo ya kundi hilo, kwa valvu ya aota (mlango wa damu kutoka moyoni) ya aina ya On-X, nayo ikasimamishwa 2022 kwa kuganda. Na hata kwa wasio na valvu ya chuma, wenye moyo wa rumatiki na mapigo yaliyovurugika, INVICTUS ya 2022 ilionyesha kundi la warfarini na dawa za jamii yake lilikufa kidogo kuliko la rivaroxabani. Kuwahamisha ili upate cha kuandika hakuna kamati ya maadili itakayokupitishia, na ni haki yake.

Kisa kimoja au kundi? Viandike viwili, kila kimoja kwa kazi yake. Kisa cha valvu iliyoganda kina thamani kama una eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) ya mwanzo, ile ya baada tu ya upasuaji, ya kulinganisha nayo. Kwa valvu ya mitral, wastani wa tofauti ya shinikizo kati ya pande mbili za valvu wa mmHg 5 au chini ni wa kawaida. Ukipita 10 unatia shaka kubwa. Lakini namba hiyo bila mapigo ya moyo ya wakati ule haina maana: mgonjwa mwenye mapigo 120 kwa dakika atakuonyesha shinikizo kubwa hata valvu ikiwa nzima. Andika vyote viwili kwenye mstari mmoja. Ongeza muda wa shinikizo kushuka nusu: chini ya milisekunde 130 kawaida, juu ya 200 kuna mziba.

Halafu lazima useme umejuaje kwamba ni damu iliyoganda na si nyama iliyoota kwenye ukingo wa valvu. Dalili za ghafla, siku au wiki chache, na INR iliyokuwa chini zinaelekeza kwenye damu. Dalili za polepole kwa miaka huku INR ikiwa nzuri zinaelekeza kwenye nyama. Kama hakuna eko ya kupitia umio wala CT, usiandike "tulithibitisha". Andika "tulidhani", na utaje sababu.

Fuata orodha ya CARE ya 2013, mwongozo wa kuandika kisa cha mgonjwa. Watu wengi huruka ratiba ya matukio, na kwa kisa cha warfarini ratiba ndiyo kisa chenyewe: tarehe, INR, dozi, dawa iliyoongezwa, dalili. Jedwali moja la hivyo lina uzito kuliko kurasa mbili za maelezo.

---

maabara_wete

Nijibu la sampuli, maana hapo ndipo tafiti nyingi za INR zinapoharibika na mwandishi hajui.

Kapu moja, hapana. Si kabla hujajua kila namba ilitoka wapi.

Chupa ya kifuniko cha buluu ina sitrati (kizuia kuganda) ya asilimia 3.2, na uwiano ni damu sehemu 9 kwa sitrati sehemu 1. Chupa yenye sitrati mililita 0.3 inataka damu mililita 2.7, mpaka kwenye alama. Ikijaa nusu, sitrati inazidi, inakamata kalsiamu mpaka ile ya kipimo, damu inachelewa kuganda na INR inasomeka juu kuliko ilivyo. Daktari anapunguza dozi ya mtu ambaye damu yake tayari ni nzito. Ukitumia sindano ya kipepeo, hewa ya kwenye mpira huingia chupa ya kwanza na haijai, kwa hiyo chupa ya kwanza ya buluu ni ya kutupa. Geuza taratibu mara 3 hadi 6, usitikise.

Sasa boti. Kuna tabia ya kuweka kila sampuli kwenye barafu kwa sababu ya joto la huku. Kwa INR ni kosa. Baridi inaamsha faktari ya 7 (protini ya kugandisha damu), damu inaganda haraka na INR inashuka kwa uongo. Sampuli ya INR inakaa saa 24 kwenye joto la chumba, chupa haijafunguliwa, na inatosha kabisa kuvuka. Iweke kwenye kisanduku bila barafu, mbali na jua la sitaha. Andika saa ya kutolewa damu na saa ya kupimwa. Bila saa hizo mbili siwezi kuiamini.

Jengine ni ISI, namba ya unyeti wa kitendanishi (dawa ya kupimia). INR ni muda wa damu ya mgonjwa kuganda ukigawanywa kwa wastani wa muda wa watu wenye afya, kisha jibu linapandishwa kwa nguvu ya ISI hiyo. Boksi jipya likifika na ISI mpya isiingizwe kwenye mashine, majibu yote yanapinda siku ile ile. Uwiano wa 2.5 kwa ISI ya 1.0 ni INR 2.5. Uwiano huo huo kwa ISI ya 1.3 ni 3.3. Mgonjwa hajabadilika hata chembe. Kwa hiyo omba maabara namba za maboksi na tarehe zake, uzilaze juu ya tarehe za INR zako. Ukiona wagonjwa wote wamepanda wiki moja, usitafute sababu kwenye mchicha.

Mashine ya kidoleni: tepe zake nyingi hazitakiwi kupita nyuzi 30, na chumba kisicho na feni mchana wa Februari kinapita. Kopo lifungwe papo hapo, unyevu wa pwani unaziua. Kidole kikauke spiriti, kisiminywe sana. Mashine nyingi zinataka hematokriti (sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu) kati ya asilimia 25 na 55, na wenye upungufu mkubwa wa damu huku si wachache. INR ikizidi 4.5 kidoleni, irudie kwa damu ya mshipa.

Ukitaka kuzichanganya, pima jozi: mgonjwa mmoja, saa moja, njia mbili. Jozi 40 au zaidi, ziwe zimetawanyika toka INR 1.5 mpaka karibu 5. Chora kwa njia ya Bland na Altman: tofauti ya kila jozi dhidi ya wastani wake. Usiniletee kipeo cha uwiano cha 0.95, hicho kinasema namba zinapanda pamoja tu, hakisemi zinakubaliana.

---

mtafiti_vuga

@maabara_wete ahsante, hilo la ISI lingebandikwa ukutani.

Narudi kwenye kundi. Kikwazo chako hasa si udogo wa 40. Daftari la kliniki lina waliofika kliniki. Aliyefariki wiki ya 3 baada ya kurudi hayumo, na aliyehamia Unguja au Mombasa yumo kama vile hana tatizo. Anza na orodha ya waliopewa rufaa na kupasuliwa, si daftari. Kisha tafuta hali ya kila mmoja: hai, amefariki, hajulikani. Sheha (kiongozi wa mtaa) anaweza kukusaidia kujua kama mtu yupo, lakini usimwambie unamtafutia nini. Kwa kila mgonjwa saa ianze kuhesabiwa siku aliyoingia kwenye ufuatiliaji wenu, si siku ya upasuaji, la sivyo unampa miaka ya bure ambayo asingeweza kuonekana amekufa.

Matukio yahesabu kwa tafsiri za Akins na wenzake za 2008, ndizo majarida ya upasuaji wa moyo yanazozitaka. Yule wa INR 1.4 ni tukio la donge lililosafiri, haingii kwenye safu ya valvu iliyoganda mpaka donge lionekane kwenye valvu. Na lazima CT iwe imeondoa uwezekano wa damu kuvujia ubongoni, kwani kiharusi kwa mtu wa warfarini kina pande mbili.

Toa viwango kwa miaka-mgonjwa 100 (mgonjwa mmoja akifuatiliwa mwaka mmoja ni mwaka-mgonjwa mmoja). Tuseme una matukio 2 kwa miaka-mgonjwa 120: hiyo ni 1.7 kwa 100, lakini wigo wa uhakika wa asilimia 95 unatoka 0.2 mpaka 6.0. Uandike wigo. Na kama tukio fulani halikutokea hata mara moja kwa watu 40, gawa 3 kwa 40: bado huenda likafika asilimia 7.5. "Hatukuona hata mmoja" si ushahidi kwamba halipo.

---

mwanakliniki_pemba

Nashukuru sana. Hesabu ya muda ndani ya lengo bado. Wengine wanakuja kila mwezi, wengine wanapotea miezi 4. Na suala la siri: kisiwa kidogo hiki.

---

mtafiti_vuga

Tumia njia ya Rosendaal ya 1993. Unachukulia INR ilitembea kwa mstari ulionyooka kati ya vipimo viwili. Mfano: lengo 2.5 hadi 3.5, valvu ya mitral. Siku ya kwanza INR 1.8, siku 32 baadaye 3.4. Imepanda 1.6, yaani 0.05 kwa siku. Ilifika 2.5 baada ya siku 14. Siku 18 kati ya 32 zimo ndani ya lengo, asilimia 56.

Mwanya unaozidi siku 56 usiujaze. Kata, na useme umekata mara ngapi. Wa miezi 4 hapati mstari. Siku alizolazwa na heparini (sindano ya kuzuia kuganda) ziondoe pia. Na kuna mtego: anayeumwa hupimwa mara nyingi, aliye mzima hupimwa mara chache, kwa hiyo tenganisha ziara ya miadi na ziara ya dharura tangu kwenye fomu. Usisahau kuwa wa aota mwenye valvu ya majani mawili asiye na hatari nyengine ana lengo la 2.0 hadi 3.0. Ukiwapima wote kwa 2.5 hadi 3.5 utawafelisha watu waliofaulu.

Kibali ni cha ZAHREC, kamati ya maadili ya utafiti wa afya Zanzibar, kupitia taasisi ya ZAHRI, kabla hujafungua faili la kwanza, hata kama ni faili za zamani. Kwa kile kisa kimoja upate ridhaa ya maandishi ya mgonjwa mwenyewe, au dole gumba mbele ya shahidi asiye mfanyakazi wa kliniki. Siri: "mwanamke wa miaka 34 wa Micheweni aliyebadilishiwa valvu India" tayari watu wamemjua. Andika "mwanamke wa miaka ya thelathini", toa wilaya, toa mwezi wa upasuaji, tarehe zote zigeuze kuwa siku tangu upasuaji.

---

mfamasia_mkoani

Naongeza safu za fomu ambazo madaktari huzisahau.

Dozi iandikwe kwa miligramu kwa wiki. "Kidonge kimoja na nusu" ni kitendawili: kidonge cha waridi kwa utaratibu wa Uingereza ni miligramu 5, kwa utaratibu wa Marekani ni 1. Mgonjwa aliyeletewa dawa na ndugu kutoka nje anakwambia ameendelea na ile ile ya waridi. Soma pakiti.

Dawa za wiki 2 zilizopita, kwa kutaja moja moja: metronidazoli, Septrin na flukonazoli zinapandisha INR, rifampisini inaiangusha, na akimaliza dozi ya kifua kikuu INR inapanda tena polepole kwa wiki kadhaa kama dozi ya warfarini haikushushwa. Ukiuliza tu "unatumia dawa nyengine?" atasema hapana, kwa sababu Flagyl (ndiyo metronidazoli) ya dukani kwake si dawa ya kuitaja. Sindano za diklofenaki vile vile.

Benzathini penisilini (sindano ya kuzuia homa ya rumatiki isirudi) haikomi kwa sababu ya warfarini. Andika tarehe ya sindano, INR ya karibu kabla yake, na kama pamevimba. Hiyo peke yake ni data watu wangependa kuisoma.

Mboga za majani zinashusha INR: usiulize kama anakula kisamvu au matembele, kila mtu anakula. Uliza kama wiki hii imetofautiana na iliyopita. Na Ramadhani weka safu yake ya ndiyo au hapana. Ukitumia miezi ya kizungu itakupotea, maana kila mwaka inarudi nyuma kama siku 11.

Wanawake wa umri wa kuzaa: ujauzito na wiki zake. Warfarini wiki ya 6 hadi ya 12 ina hatari yake kwa mtoto, na hatari inategemea dozi, 5 kwa siku kushuka ni nafuu.

---

mwanakliniki_pemba

La mwisho kwa @maabara_wete: zile za zamani zilizovuka na barafu, nizifute?

---

maabara_wete

Usifute. Zitie alama, piga hesabu mara mbili, pamoja nazo na bila yake, na uchapishe majibu yote mawili. Zikiwa chache na hesabu haisogei, sentensi moja inatosha. Ikisogea, tumia ile ya bila yake kama jibu kuu na useme kwa nini. Na ile INR ya 1.4 ya yule wa kiharusi, angalia kwanza kama ni ya boti.