Seva ya mafaili nyumbani, umeme wa kukatika: OpenMediaVault au TrueNAS?

mbale_mtandao

Salaam ndugu zangu. Nataka kuweka seva ya mafaili nyumbani, hapa Mbale, na mfumo wake uwe wa bure kabisa. Vifaa: kompyuta ya mezani iliyotumika yenye Core i5-6500, RAM GB 8, SSD ya GB 120 na diski mbili mpya za TB 4. Itatunza picha na video za familia, nyaraka, na nakala za kompyuta tatu za Windows. Ruta ina bandari za gigabiti. Umeme hukatika karibu kila siku, jioni nyingine mara mbili au tatu, na intaneti nanunua kwa kifurushi.

Nimebaki na OpenMediaVault na TrueNAS. Upi unafaa? Na hizo diski mbili nizifunge kwa RAID 1, yaani zote mbili ziandikwe kitu kilekile kwa pamoja?

FundiWaArua

OpenMediaVault. Kwa TrueNAS, GB 8 za RAM ndicho kima cha chini, yaani unaanzia ukingoni. OpenMediaVault hutosheka hata na GB 1, kwa sababu kwa ndani ni Debian ya kawaida iliyowekewa ukurasa wa usimamizi. Toleo la 7 limejengwa juu ya Debian 12.

Faida nyingine ni ext4, mfumo wa Linux wa kupanga mafaili kwenye diski. Siku ubao mama ukiungua, unachomoa diski, unaichomeka kwenye kompyuta yoyote iliyowashwa kwa flashi ya Linux, na mafaili yako unayaona. Hakuna cha kuongeza wala kupakua.

RAID 1 usiweke. RAID 1 inakukinga na diski kufa, basi. Mtoto akifuta folda ya picha, inafutika kwenye diski zote mbili sekunde ileile, na kirusi kinachofunga mafaili kitayafunga pande zote mbili. Diski ya kwanza iwe ya kazi, ya pili ipokee nakala ya rsync (programu ya kunakili mafaili) kila usiku saa nane. Hasara ni kwamba diski ya kwanza ikifa mchana, umepoteza kazi ya siku hiyo. Kwa nyumbani hiyo inavumilika.

Kufunga:

1. Pakua ISO (faili la kufungia mfumo), kisha hakiki kabla ya kuitumia, maana faili lililokatika njiani huleta makosa ya ajabu katikati ya ufungaji. Kwenye Windows andika `certutil -hashfile faili.iso SHA256` na ulinganishe na namba iliyo kwenye tovuti yao. Iandike kwenye flashi kwa Rufus.
2. Chomoa waya za diski zote mbili za TB 4. Kifungaji hufuta diski nzima unayoichagua, na majina sda na sdb huchanganya. Ibaki SSD peke yake. Ukimaliza, zima, rudisha waya.
3. Anwani ya IP itaonekana kwenye skrini. Ifungue kwa kivinjari: jina admin, nywila openmediavault. Badilisha nywila hapohapo. Kwenye ruta, itengee seva anwani hiyo isihame.
4. Menyu ya Storage: futa diski, tengeneza ext4 kwa kila moja, ipachike. Kisha folda za pamoja, watumiaji, na mwisho washa SMB, njia ambayo Windows hutumia kufikia folda hizo.

Wengi hukwama hatua ya nne. Kila badiliko linaleta utepe wa njano juu ya ukurasa. Usipobonyeza alama ya vema, hakuna kilichofanyika, na utakaa unashangaa kwa nini Windows haioni folda. Ukipoteza mtandao au nywila, chomeka kibodi, ingia kama root, uandike `omv-firstaid`.

Kwenye kazi ya rsync usiweke tiki pale penye Delete. Ukiweka, kilichofutwa mchana kitafutwa usiku kwenye nakala pia.

zfs_jinja

Ndugu wa Arua amesema vizuri kuhusu RAID, lakini picha za familia ni za miaka ishirini au thelathini, na hapo ext4 ina upungufu. Haiweki hesabu ya kuhakiki data iliyomo ndani ya faili. Biti zikigeuka kwenye diski, hakuna atakayejua mpaka ufungue picha ukute nusu yake ni kijivu. Rsync nayo kwa kawaida hutazama ukubwa na tarehe tu, kwa hiyo faili lililooza bila kubadilika ukubwa litapitwa. Nakala nzima itasalimika kwenye diski ya pili, ila hutapata taarifa kwamba unaihitaji. Na diski ya pili nayo inaweza kuoza.

ZFS, mfumo wa mafaili wa TrueNAS, huhakiki kila kipande inapokisoma. Diski mbili zikiwa kioo (kila moja nakala ya nyenzake), kipande kibovu hutengenezwa kutoka upande ulio mzima. Ukipanga skrabu mara moja kwa mwezi, inapitia data yote hata ile isiyofunguliwa miaka mitano. Suala la mtoto kufuta folda linatatuliwa na snapshoti, yaani hali ya mafaili iliyohifadhiwa kwa wakati fulani: panga moja kila saa, idumu wiki mbili. Kwenye Windows unabonyeza folda kwa kitufe cha kulia, unaenda Previous Versions, unarudisha.

GB 8 zinatosha ikiwa kazi ni mafaili peke yake. Ukianza kurundika programu juu yake, itachoka. Ukichagua njia hii, chukua TrueNAS ya Linux, ile iliyoitwa SCALE na ambayo tangu toleo la 25.04 inaitwa Community Edition. CORE, ile ya FreeBSD, haiongezewi mambo mapya. Tena usiweke diski kwenye kasha la USB. ZFS inataka ziunganishwe kwa SATA moja kwa moja.

Mfumo wowote utakaochagua, tafuta namba ya modeli ya diski zako ujue ni CMR (za kawaida) au SMR. SMR hupanga njia za data zikilaliana kama vigae, kwa hiyo kuandika mfululizo huzifanya zizorote sana. Kujenga upya kioo cha ZFS kwenye SMR kunaweza kuchukua siku kadhaa, na diski ikachelewa kujibu hadi mfumo ukadhani imekufa. Ukikuta ni SMR, basi fuata ushauri wa rsync na ext4.

Pia kagua kama kweli ni mpya: `smartctl -a /dev/sdb`. Power_On_Hours iwe karibu na sifuri. Current_Pending_Sector ikizidi sifuri, irudishe dukani. UDMA_CRC_Error_Count ikipanda, badilisha waya wa SATA kwanza kabla ya kuilaumu diski. Halafu `smartctl -t long /dev/sdb` uiache usiku kucha.

waya_na_betri

Mnajadili mfumo, na umeme unakatika mara tatu kwa jioni. UPS, betri ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika, ndiyo inayotangulia.

ZFS hailegezi mpangilio wa mafaili kwa sababu haiandiki juu ya data ya zamani, lakini bado unaweza kupoteza sekunde chache za mwisho. Ext4 ina jono (daftari la mabadiliko) inayolinda mpangilio wa mafaili. Faili lililokuwa likiandikwa wakati huo laweza kuharibika. Na diski yenyewe haipendi kuzimwa ghafla kila siku.

Nunua UPS yenye tundu la USB la data. Isiyo nalo itashikilia seva dakika chache halafu itaiangusha palepale, kwa sababu seva haina njia ya kujua kwamba umeme umekwenda. Kompyuta kama yako ikitulia na diski mbili hula takriban wati 40, ongeza ruta. VA 650 zinatosha kuizima kwa utulivu.

Programu ya kusoma UPS na kuizima seva ni NUT. Kwenye OpenMediaVault ni plagini openmediavault-nut, kwenye TrueNAS imo tayari. UPS za bei nafuu nyingi hutumia draiva nutdrv_qx, nyingine usbhid-ups. Usitegemee asilimia ya betri, maana kwenye UPS hizi mara nyingi ni ya kukisia: unaambiwa 60, sekunde chache baadaye kimya. Weka izime baada ya sekunde 120 tangu umeme ukatike. Jaribu kwa kuchomoa plagi ukutani kabla hujaweka data yoyote.

Kuna mtego hapo. Kwenye BIOS utaweka kompyuta ijiwashe umeme ukirudi. Lakini umeme ukirudi seva ikiwa imeshajizima na UPS bado iko hai, kompyuta haikuona umeme ukikatika, kwa hiyo haitawaka. Washa Wake-on-LAN uiamshe kutoka kwenye kompyuta nyingine, au bonyeza kitufe.

mbale_mtandao

Asanteni sana. Nimeangalia modeli: diski ni SMR, zote mbili. UPS niliyonayo haina USB. Pesa iliyobaki inatosha kitu kimoja, UPS au GB 8 nyingine za RAM. Na je, nikifungua bandari kwenye ruta nitaweza kuona picha nikiwa Kampala?

FundiWaArua

UPS. Kwa SMR jibu limeshapatikana, ext4 na rsync, na hapo RAM ya ziada haina kazi. Nakala ya kwanza itakwenda polepole. Iache imalize, usiikatize.

Bandari 445, ile ya SMB, usiifungue kamwe kwa intaneti, inasakwa mchana na usiku. Isitoshe, intaneti nyingi za simu huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma, kwa hiyo hata ukifungua haifiki kwako. Weka Tailscale, programu ya mtandao binafsi (VPN), kwenye seva na kwenye simu. Inapita hapohapo bila kugusa ruta. Kumbuka tu kwamba picha ukizitazama kutoka Kampala zinakula kifurushi cha nyumbani na cha simu pia.