Vigo 3.0 D-4D ya mzigo: nirimapu, nifunge boksi au niache kama ilivyo?

Kibo4x4
Wakuu habari za jioni. Nina Hilux Vigo 3.0 manyuali, ile injini ya 1KD, nabebea vitunguu Mang'ola nashusha Moshi. Kwenye lami sina shida nayo kabisa, tatizo ni ule mpando wa kutoka Mang'ola kuja Karatu nikiwa nimejaza, gari inachoka, inataka gia namba mbili muda wote na ukikanyaga inajifikiria kwanza ndo iondoke. Nimezunguka Arusha nimeambiwa vitu vitatu na kila mtu anasema cha mwenzake ni uongo: mmoja anataka kurimapu, yaani kubadilisha programu ya kontroli boksi (kompyuta ya injini) kwa laptopu, mwingine ana boksi la chipu la kuchomeka kwenye waya za injini, wa tatu ana kile kidude cha pedeli ya mafuta ambacho ndo bei rahisi kuliko vyote. Mwenye uzoefu aniambie kipi kinafaa gari ya mzigo, sio ya mashindano. Na ulaji wa mafuta unakuwaje?

DizeliTupu
Aisee cha pedeli kitoe kwenye hesabu. Kinaidanganya kontroli boksi tu kwamba umekanyaga zaidi, ila ukikanyaga mpaka chini gari ni ileile, HP 171 na torki (nguvu ya kuvuta) Nm 343 za kiwandani. Kitakuondolea uzembe wa kuondoka, mlima hakikupandishi.

Boksi za bei chee nyingi zinakaa kwenye waya wa sensa ya presha ya reli, lile bomba linalogawa dizeli kwenye nozo (vinyunyizio), zinaripoti presha iko chini, kompyuta nayo inaongeza. Nguvu utaisikia kweli, sikatai, lakini tabo inayosukuma hewa kwenye injini haijaambiwa kitu kwa hiyo unapata moshi mweusi, na pampu na nozo zinapiga kazi kwenye presha ambayo kompyuta yenyewe haiioni. Rimapu inagusa mafuta, tabo, muda wa nozo kupiga na limiti ya torki vyote kwa pamoja. Kura yangu rimapu, ila ya kistaarabu, sio ya kuwafukizia watu wa Mto wa Mbu moshi.

Mama_Njiro
Ngoja nitetee boksi kidogo jamani. Sio zote zinadanganya presha, kuna kama Steinbauer za Austria zinacheza na muda ambao nozo inakaa wazi, presha inabaki yake. Bei yake sasa, utakaa chini. Halafu boksi siku unauza gari unachomoa, imeisha hiyo.
Rimapu nayo inategemea nani kashika laptopu. Kuna fundi, simtaji, aliipakia gari yetu faili la gari nyingine, kila tukianza mlima taa ya injini inawaka na gari inakata nguvu. Kuulizwa faili la mwanzo, hana, hakulihifadhi! Kwa hiyo kabla hajagusa chochote mwambie asome faili lako, akupe kopi kwenye flashi yako mwenyewe uondoke nayo.

FundiNozo
Mnabishana programu na hakuna aliyemuuliza injini ina hali gani. 1KD ugonjwa wake unajulikana: washa, zile pete za shaba za kuziba chini ya nozo, zikianza kuvuja, moshi wa ndani ya silinda unaingia kwenye oili, masizi yanajikusanya mpaka yanaziba kichujio cha pampu ya oili kule kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), siku moja injini inakosa oili na inakufa. Kibo, washa gari, fungua mfuniko wa oili ikiwa inaunguruma. Ikiwa inapumua pu pu pu kama mzee mwenye kikohozi, achana na habari za HP kwanza, vua nozo, shusha sampu uangalie.

Gari nyingi zinazoletwa kuongezwa nguvu zimepoteza nguvu zake zenyewe. Mpira wa intakula (kipoza hewa ya tabo) umechanika, EGR (vali ya kurudisha moshi kwenye injini) imejaa masizi, vani (vibawa) za tabo zimenata, filta ya dizeli ina maji. Hiyo ya kujifikiria uliyoisema mimi inanipeleka huko moja kwa moja.

Ikishapona ukitaka kurimapu, funga geji ya joto la moshi kabla ya tabo. Mafuta yakiongezeka joto linapanda na pistoni ni aluminiamu, sasa mpando mrefu na mzigo, na Karatu iko kama mita 1500 juu ambako hewa ni nyepesi, sindano ya geji ikikaa juu ya nyuzi 700 punguza mguu. Na klachi kama ni ya zamani itaanza kuteleza.

chalii_wa_Sakina
Nakazia fundi. Hata Toyota walipoipandisha 1GD ya 2.8, injini iliyoirithi hii 1KD, mwaka 2020 kutoka HP 177 kwenda 204 hawakubadilisha programu tu, waligusa na tabo na pistoni. Sisi tunataka yote yatoke kwenye laptopu.
Na Land Cruiser yenye 1HZ je, inarimapiwa?

DizeliTupu
@chalii utarimapu nini sasa, pampu ni ya kimakanika na tabo haina 😂 Hiyo acha ipande taratibu, itafika.

Kibo4x4
Fundi nimefungua mfuniko, inapumua aisee, na sio kidogo. Basi hela ya rimapu imehamia kwenye nozo. DizeliTupu swali la mafuta hujajibu.

DizeliTupu
Mguu ukibaki uleule ulaji unaweza kubaki palepale au kushuka kidogo maana hushuki gia kila saa. Ila sijaona mtu kaongezewa nguvu akabaki na mguu uleule.

FundiNozo
Nunua washa mpya zote, za zamani usirudishe hata zikionekana nzima. Na kila nozo iwekewe alama irudi silinda yake, zina kodi zake hizo, namba zilizoingizwa kwenye kompyuta, zikichanganywa gari itatetemeka ikiwa sailensi (inaunguruma bila kukanyagwa) na utaanza kutafuta mchawi.