Ndege ndogo gani lazima utoke nje uiangalie? Tupeane uzoefu

Otiende_Juu: Wadau, za leo? Ndege kubwa za JKIA tuwaachie wanaosafiri. Mimi nataka hizi za Wilson, uwanja wa ndege ndogo hapa Nairobi, zinazopita chini mpaka unasoma 5Y, alama ya usajili wa Kenya, ubavuni. Taja mtaa wako, ndege yako na unavyoitambua.

Yangu ni Dash 7. Mabawa juu ya mgongo, mkia wenye umbo la T, na injini nne. Nne, za kubeba watu hamsini hivi! Wakanada waliiunda iweze kupaa na kutua mahali pafupi, ndiyo maana viwanja vya murram kule Mara haviipi shida. Zilitengenezwa 113 tu, kwa hivyo ukiiona umeona kitu adimu. Ajabu ni kwamba haina kelele, maana propela zake ni kubwa na huzunguka polepole. Mara nyingi kinachonishtua ni kivuli kikikimbia juu ya shuka nilizoanika. Nikiinua macho, iko upande wa Bomas tayari.

MamaWawili_SouthC: Caravan, bila mjadala. Injini moja puani, bawa la juu lililoegemezwa na mhimili, na magurudumu yake hayakunjwi hata ikiwa angani. Nyingi zina kasha la mizigo chini ya tumbo, basi wanangu huiita "ndege yenye mimba". Kifungua mimba wangu ni balaa. Juzi mjomba wake alionyesha kidole juu akasema hiyo ni Caravan, akajibiwa papo hapo: "Uncle, bawa liko chini na imekunja miguu. Hiyo ni PC-12." Mjomba akarudi kwa chai yake.

PC-12 ni mojawapo ya zile madaktari wa angani wa AMREF hutumia kufuata wagonjwa mbali, huduma iliyoanza 1957. Ikipita usiku wa manane najikuta namwombea mtu nisiyemjua.

Mzigo_Maua: Niliwahi kupakia miraa hapo Wilson. Pikapu zinashuka kutoka Meru kama zimeiba, mzigo umefungwa kwa majani ya mgomba, na Mogadishu wanasubiri. Miraa ya jana haina mnunuzi. Fokker 50 niliijua kwa propela: hesabu visu, ni sita kila upande. Ikiwasha injini, harufu kama ya mafuta ya taa inachanganyika na ya majani mabichi, na hiyo harufu haitoki kwa shati hata ulifue na Omo. Somalia ilipofunga soko 2020 hadi Julai 2022, wengi wetu tulitafuta kazi nyingine. Mimi niko bodaboda sasa, lakini propela ikinguruma bado nainua kichwa. Abiria hawapendi.

ZamuYaUsiku_West: Nyinyi mnafurahia, wengine tunalala mchana. Cessna 172 za wanafunzi wa urubani: inapaa, inazunguka, inagusa lami, inapaa tena. Kuna moja naijua kwa sauti na sikuomba kuijua. Na mbona zinalia hivyo kama zinaonewa?

Otiende_Juu: Pole sana. Zinaonewa kweli. Wilson iko karibu mita 1,690 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyembamba, na jua la mchana linaipunguza zaidi. Injini ndogo inakosa nguvu, bawa nalo halina cha kushika, basi inapanda shingo upande. Halafu tuseme ukweli, ndege zimetangulia mitaa yetu. Florence Kerr Wilson alianzisha Wilson Airways 1929, na jina la uwanja ni lake.

ZamuYaUsiku_West: Si angeanzia Athi River.

Fundi_Rongai: 😂 Mimi ni Super Cub. Tulikuwa tunamwaga slabu orofa ya tatu, ikatokea upande wa mbuga, usawa wa macho yetu kabisa. Rubani mbele, mwenzake nyuma yake, wote wakitazama chini. KWS, shirika la wanyamapori, huzitumia kuchunga wanyama. Mwili wake ni mabomba ya chuma yaliyovikwa kitambaa, nyepesi mpaka ikikabili upepo mkali unadhani imesimama. Vijana wote waliacha karai wakatazama. Zege ikaanza kushika, na maneno ya foremani siyaandiki hapa.

Dago_Kona: Let 410 mmeisahau? Ya Wacheki ile, baadhi zina matangi ya mafuta kwenye ncha za mabawa. Ukiona hayo matangi huna haja ya kuuliza mtu. Lakini nina swali. Leo jioni imepita yenye mabawa mawili, moja juu ya lingine, ikielekea Ngong. Kuna mwingine ameiona ama ni mimi tu?

Fundi_Rongai: Nimeiona! Ya manjano.

Otiende_Juu: Picha iko wapi?

Fundi_Rongai: Mikono ilikuwa na simiti, mkubwa.