Konea ya marehemu: ikataliwe kwa vipimo au kwa maisha aliyoishi?

Mleta mada: Wakuu, kupima damu ya marehemu kabla ya konea yake (kile kioo angavu cha mbele ya jicho) kupandikizwa kwa mtu mwingine hakuna anayebisha: VVU, homa ya ini B na C, kaswende kwa benki nyingi za macho. Ugomvi wangu uko kwenye dodoso. Wafiwa wanaulizwa marehemu alilala na nani, na jibu moja linatosha kutupa konea mbili zisizo na kasoro.

Marekani kwa miaka mingi iliwakataa wanaume waliofanya ngono na wanaume wenzao ndani ya miaka 5 kabla ya kufa. Kwenye damu, katazo la kundi liliondolewa 2023. Kila mtu anaulizwa mwenendo wake. Yaani damu inayoingia moja kwa moja mshipani imelegezewa, konea isiyo na hata mshipa mmoja wa damu ikaachwa imebanwa! Na hakuna kisa kilichothibitishwa cha VVU kupitia konea. Utafiti uliochapishwa 2016 ulikuta duniani konea 1 kwa kila wahitaji 70.

Mchangiaji 1: Mkuu, mtoa damu yuko hai, anajibu mwenyewe. Marehemu anajibiwa na shemeji ambaye pengine hata hawakuwa wanasalimiana. Tena damu ya maiti huwa imeanza kuharibika, chembe zimepasuka, kipimo kinaweza kudanganya. Na maambukizi mapya hayaonekani siku hiyohiyo.

Mchangiaji 2: Mnazungumzia VVU tu. Mwaka 1979 Marekani kiliripotiwa kisa cha mtu aliyekufa kwa kichaa cha mbwa alichopata kwenye konea aliyopandikizwa. Creutzfeldt-Jakob, ugonjwa unaoharibu ubongo na kuua, iliripotiwa kupitia konea 1974. Magonjwa haya hayanaswi na vipimo vya kawaida vya damu; kinachookoa ni kuuliza marehemu aliuguaje. Tukifuta dodoso tunabaki na nini?

Mleta mada: Nani kasema lifutwe? Maswali ya ugonjwa yabaki, tena yakazwe: aliyekufa akiwa amepooza au amechanganyikiwa bila chanzo kujulikana, konea zake zisiguswe. Ninalokataa ni katazo la kundi zima. Hoja ya damu ya maiti ina uzito, ila inamgusa kila marehemu, hata mume wa mke mmoja. Sampuli ikiwa mbovu, konea ikataliwe kwa ubovu wa sampuli. Anayeona katazo la kundi linaongeza usalama zaidi ya hapo, ataje ni ugonjwa upi na unapitaje.