Santuri za jazz za marehemu mjomba: mashine yangu mbovu au santuri ndio ina kasoro?

Chumbageni_77

Habari zenu wadau, wazee wote shikamooni. Niko Tanga mjini. Mjomba wangu alikuwa baharia miaka ya 70, meli ikitia nanga tu yeye anatafuta duka la santuri kabla hata ya chakula. Amefariki mwaka juzi (Mungu amrehemu) na familia imeniachia mimi kasha lake la chuma kwa sababu ndo nilikuwa nakaa nae sebuleni kusikiliza tangu mdogo. Ndani kuna kubwa za Wamarekani, Miles Davis, Coltrane, Horace Silver, Herbie Hancock, halafu kuna ndogo za bendi zetu, Jamhuri Jazz, Atomic Jazz, Western Jazz, na chache zile nzito za zamani zinazovunjika kama sahani ya udongo.

Sasa shida iko hivi. Kuna ile Kind of Blue ya Miles Davis, yule mpiga tarumbeta, ya mjomba ni ya zamani, kainunua mwenyewe huko alikopita. Nikiipiga pamoja na ile ile niliyonayo kwenye simu upande wa kwanza haziendi pamoja kabisa, nazianzisha sekunde moja lakini santuri inatangulia, na sauti yake iko juu kidogo, sio sana ila sikio linakataa. Nikaita mtu mmoja anayenunua santuri akaja nyumbani akasikiliza akasema hii imeharibika sauti haina thamani, akataka kuchukua kasha zima kwa bei ambayo hata naona aibu kuitaja humu. Sikumpa, ila tangu siku hiyo sina amani, najiuliza kama mashine imechoka au kweli santuri imeharibika na mimi ndo nimeitunza vibaya. Mjomba alikuwa na msemo wake "sikiliza hii halafu sikiliza ile, hazifanani" lakini sikuwahi kumuuliza hazifanani kwa nini. Naombeni msaada, na kama kuna mtu anajua namna ya kuzilinganisha hizi za zamani na zilizotolewa tena baadae anielekeze.

FundiSpika_Makorora

Pole na msiba mkuu. Kwanza usimuuzie mtu yeyote kitu chochote mpaka ujue mashine yako iko sawa, tuanzie hapo. Huhitaji kifaa cha bei. Santuri kubwa inazunguka mara 33 na theluthi moja kwa dakika, kwa hiyo kwa dakika tatu inatakiwa izunguke mara 100 kamili. Bandika kikaratasi kidogo kwenye lebo pembeni, weka saa ya simu, hesabu. Ukipata 97 au 104 basi mkanda wa raba umelegea au mota ina tatizo, huku kwetu raba hazidumu kwa joto hili. Hesabu sindano ikiwa juu ya santuri inacheza, usihesabu ikiwa imenyanyuliwa maana ule uzito mdogo nao unapunguza mwendo kwenye mashine iliyochoka.

La pili ni ukungu. Mji wetu huu wa bahari unyevu wake hauna huruma, nimefunguliwa makasha mengi nikakuta kuvu nyeupe imekula hadi kwenye mifereji ya santuri na mtu anasema "zina mikwaruzo" kumbe ni uchafu tu. Osha kwa yale maji ya betri ya kwenye chupa (nasema MAJI, sio asidi, muulize muuzaji vizuri), weka tone moja la sabuni ya vyombo, kitambaa laini kisichotoa nyuzi, futa kwa kuzungusha kufuata mifereji usikate katikati, lebo isilowe, halafu suuza na maji yale yale matupu uache ikauke kivulini ikiwa imesimama. Jua usiligusie kabisa. Na zile nzito zinazovunjika usije ukazipaka spiriti hata tone, zile zimetengenezwa kwa utomvu unaotolewa na wadudu na spiriti inauyeyusha, utafuta na wimbo wenyewe. Pia zinataka sindano yake pana, ukiweka hii ya santuri za kawaida inakwenda chini kabisa ya mfereji inakwangua takataka tu.

Kasha zisilale moja juu ya nyingine, zisimamishe kama vitabu, na lisikae karibu na bati.

Binti_Pangani

Kaka naomba nikutoe wasiwasi, santuri ya mjomba wako HAIJAHARIBIKA. Nimeruka kwenye kiti niliposoma "upande wa kwanza".

Iko hivi. Kind of Blue ilirekodiwa New York mwaka 1959 kwa siku mbili, tarehe 2 Machi na tarehe 22 Aprili. Nyimbo tatu za upande wa kwanza zote, So What, Freddie Freeloader na Blue in Green, ni za ile siku ya Machi. Na siku ile mashine kuu ya tepu pale studio ilikuwa inakwenda polepole kidogo wakati wa kurekodi bila watu kugundua, sasa tepu iliyorekodiwa polepole ukija kuipiga kwenye mashine yenye mwendo sahihi inakimbia, na ikikimbia sauti inapanda. Basi santuri zikatoka hivyo hivyo dunia nzima kwa zaidi ya miaka 30. Bahati nzuri kulikuwa na mashine ya pili ya akiba imerekodi siku ile ile kwa mwendo sahihi, na mwaka 1992 ndo wakaitumia tepu ile wakaitoa upya imerekebishwa. Hiyo ya kwenye simu yako ni ya baada ya marekebisho, ya mjomba ni ya kabla. Hapo ndipo hazifanani.

Na njia ya kuhakikisha ni rahisi, upande wa PILI hauna tatizo hilo. Tafuta kinanda popote, kanisani au kwa jirani, piga upande wa pili, kwenye wimbo All Blues tafuta ile noti ya Sol inayorudi rudi kwenye besi. Ikikubaliana na kinanda maana yake mashine yako iko sawa, halafu geuza upande wa kwanza So What utafute Re yake. Ikikaa juu ya kinanda basi umepata jibu. Mashine ikiwa mbovu inaharibu pande zote mbili, haichagui.

Halafu umesema ana Herbie Hancock, ni ipi?? Kama ni ile inayoitwa Mwandishi nakuomba usiiguse na mtu asiiguse. Ile imerekodiwa siku moja, tarehe 31 Desemba 1970, na wanamuziki wote wa bendi walijipa majina ya Kiswahili. Herbie mwenyewe Mwandishi, mpiga besi Buster Williams akaitwa Mchezaji, mpiga drams Billy Hart ni Jabali, tarumbeta Eddie Henderson ni Mganga na huyu alikuwa daktari kweli kasomea udaktari, Bennie Maupin wa saksofoni ni Mwile (mwili wenye afya walimaanisha), na Julian Priester wa trombone ni Pepo Mtoto. Mimi nilivyoyaona yale majina mara ya kwanza kwenye kava machozi yalinilenga, watu wako Marekani miaka ile wanatafuta jina la kujiita lenye heshima wakaja kulichukua kwenye lugha ninayogombezwa nayo na bibi yangu kila asubuhi. Wimbo wa kwanza una hesabu ya mapigo 15, jaribu kupiga makofi utaona unavyokuponyoka mpaka mwili uukubali wenyewe. Halafu linganisha na Head Hunters ya 1973, ni Herbie huyo huyo miaka michache tu baadae, kwenye bendi ile kabaki Maupin peke yake, muziki umeshuka ardhini unachezeka.

Sahare_Mpenda_Kweli

Nyimbo za Wamarekani sawa nimeelewa, ila hizo za Jamhuri na Atomic mbona mnaziweka kapu moja? Ile sio jazz, ni rumba na magitaa. Mkuu tenganisha makasha usije ukamchanganya mtu anayetaka kujifunza jazz yenyewe.

Binti_Pangani

@Sahare nakuelewa lakini ngoja wazee waje wakujibu, mimi nina moja tu. Mwaka 1960 mpiga piano wa Kimarekani Randy Weston alirekodi albamu ya Uhuru Afrika, bendi kubwa, mpangaji wa muziki mwanamama Melba Liston, shairi la Langston Hughes. Sauti inayosoma Kiswahili mle ndani ni ya Tuntemeke Sanga, Mtanganyika, na yeye ndo aliyelitafsiri. Kwa hiyo kamba kati ya huku na kule ilishafungwa kabla hata hatujapata uhuru wenyewe.

Mzee_wa_Ngamiani

Marahaba wanangu. Sahare umeuliza vizuri nami nitakujibu taratibu maana hili jambo liko moyoni kwangu.

Enzi zile neno jazz kwetu halikuwa na maana ya muziki wa New Orleans. Bendi ikiwa na magitaa, saksofoni na drams, inapiga dansi watu wamevaa vizuri, hiyo ni jazz. Ndio maana kila mji una yake, Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz, na sisi Tanga tuna mbili, Jamhuri na Atomic, na kila moja ina watu wake wa kuifia. Jamhuri kwanza ikiitwa Young Nyamwezi, maana walioianzisha ni watu waliokuja kwenye mkonge. Muziki wenyewe mizizi yake mingi ni Cuba, zile santuri za muziki wa Cuba za mfululizo wa GV zilizoletwa tangu wakoloni, vijana wakazisikiliza mpaka wakazigeuza za kwao. Kwa hiyo ukisema rumba hujakosea, ila jina jazz hatukuliiba, tulilipa kazi nyingine.

Na msisahau, mpiga gitaa la ridhimu wa Jamhuri, Harrison Siwale, watu walikuwa wakimwita Satchmo. Hilo ni jina la Louis Armstrong. Utatenganishaje makasha?

Sasa kijana wa Chumbageni nakuomba ufanye zoezi hili. Chukua moja ya Jamhuri na moja ya Atomic uzipige zikifuatana, usisikilize mwimbaji, sikiliza magitaa tu. Jamhuri magitaa yanajibizana, moja likitoka jingine linaingia kwenye nafasi lililoacha, hakuna linalomkanyaga mwenzake, na ridhimu ya Satchmo haikai nyuma kama mtumishi, inazungumza. Ukiishika hiyo utaisikia tena Kenya kwenye bendi ya Simba Wanyika, maana akina Wilson na George Peter walitokea hapa hapa Jamhuri, wakapita Arusha, wakavuka. Atomic kwangu mimi ni waimbaji kwanza, sauti zao zimepangwa kama watu wa nyumba moja, magitaa yanawabeba. Wengine watabisha na wabishe.

Na jambo la santuri ndogo. Upande mmoja unabeba dakika chache tu, kwa hiyo wimbo mrefu waliukata, upande wa kwanza maneno, ukigeuza ndio unakutana na chemko, ile sehemu ya kasi ya kucheza. Vijana wa leo wanaokota upande mmoja kwenye simu wanasema wimbo nimeusikia. Hujausikia, umekula wali mkavu, mchuzi uko upande wa pili. Na nyimbo hizo hizo nyingi bendi zilizirekodi pia Redio Tanzania kwa tepu, bendi nzima chumba kimoja inapiga mara moja. Ukipata kanda ya redio na santuri ya wimbo mmoja ulinganishe, kwa sikio langu ya redio ina pumzi zaidi, santuri ina besi nzuri zaidi.

FundiSpika_Makorora

Mzee umenikumbusha mbali sana. Chumbageni, kwenye ile Horace Silver kama ni ya kampuni ya Blue Note angalia ile sehemu nyeusi isiyo na muziki karibu na lebo, igeuze geuze kwenye mwanga. Ukiona muhuri VAN GELDER maana yake aliyechonga mifereji ya nakala ya kwanza ni Rudy Van Gelder mwenyewe, fundi aliyerekodi na Coltrane pia A Love Supreme mwaka 1964. Kukiwa na kialama kidogo kama sikio imechapwa kabla kampuni haijahamia kwa kampuni ya Liberty na kubadili kiwanda mwaka 1966. Kama lebo imeandikwa Liberty usivunjike moyo, nyingi zilichapwa kwa vyuma vile vile vya kuchapia vya mwanzo, masikio yako ndo yaamue.

Chumbageni_77

Wakuu nimerudi. Samahani nimechelewa, nilikuwa naosha, nimemaliza chupa nne za maji ya betri na bado robo ya kasha.

Nimehesabu mizunguko mara tatu, mara zote 100 ndani ya dakika tatu, labda sekunde moja huku au huku. Mtoto wa jirani ana kinanda akaja nacho jana jioni. Tukaanza na upande wa pili kama dada alivyosema, All Blues, ile Sol ikakaa palepale kama vimezaliwa pamoja. Tukageuza. So What, besi imeingia, mtoto anabonyeza Re ananiangalia, anabonyeza tena, akasema "mjomba hii iko juu". Tulinyamaza wote wawili. Nimekaa na santuri hii miaka yote nikidhani ni masikio yangu.

Lebo ya Horace Silver imeandikwa Liberty, sikio halipo, lakini VAN GELDER ipo nimeiona kwa tochi. Herbie ni hiyo hiyo Mwandishi dada, majina yote yapo, kumbe nilikuwa nayaona tangu mtoto nikidhani ni mjomba kayaandika. Kasha siuzi. Yule mnunuzi kapiga simu tena leo nikamwambia hivyo.

Mzee wangu, nimepata ya Jamhuri ambayo upande wa pili sikuwahi kuugeuza hata siku moja. Sijaipiga bado. Kama afya inaruhusu Jumamosi nakuletea na mashine, nielekeze faragha nyumba ilipo.

Mzee_wa_Ngamiani

Njoo baada ya alasiri, mwanangu. Uje na hiyo ya tarumbeta pia, na huyo mtoto wa kinanda.