Naomba ushauri: maombi rudufu ya kupakia moduli ileile kwenye keneli ya Linux

Wakuu, naomba msaada. Seva ina kori 128 na keneli (kiini cha mfumo endeshi) 6.1. Inapowaka, udev (programu inayoshughulikia vifaa) hurusha kwa mpigo maombi mengi ya kupakia moduli ileile (kipande cha msimbo kinachoongezwa kwenye keneli). Kila ombi la finit_module (wito wa kupakia moduli kutoka kwenye faili) husoma faili zima kwenye eneo la vmalloc (sehemu ya kumbukumbu ya keneli) kwanza, na baadaye ndipo keneli hugundua kuwa moduli ipo, hurudisha kosa la EEXIST (“tayari ipo”) na kutupa nakala. Moduli ikiwa kubwa, eneo hilo linaweza kujaa na kuangusha hata maombi halali. Huo ni upotevu mbaya.

Najua keneli 6.4 ilileta CONFIG_MODULE_STATS (chaguo la takwimu za upakiaji wa moduli), takwimu zake zikisomwa kwenye /sys/kernel/debug/modules/stats, na 6.5 huyafanya maombi ya pamoja ya faili moja yasubiri jibu la ombi la kwanza.

Kinachonitatiza ni huu ulinzi wa 6.5: hutambua faili kwa inodi yake (rekodi ya faili kwenye diski). Moduli zangu zimebanwa kwa .xz, na kmod (zana ya kupakia moduli) ya zamani huzifumua yenyewe kisha huita init_module, ambayo haipokei faili, hivyo ulinzi huo hauzigusi. Je, nipandishe keneli na kmod pamoja, niwashe CONFIG_MODULE_DECOMPRESS (keneli izifumue yenyewe), au niache kabisa kubana moduli?