Wauza mashine za kutoboa barafu Minnesota wanatuingiza mjini, leo nasema

Wakuu, habari zenu. Mods, naomba uzi huu uachwe hapa hapa. Wana-Minnesota, Wisconsin na Dakota tumo wengi humu, na kila msimu kuna mgeni anapigwa kama nilivyopigwa mimi.

Dola 540 zimeondoka, na mashine imelala gereji haiwaki.

Kwa walioko nyumbani: huku Marekani ziwa likiganda watu wanatembea juu yake, wanatoboa tundu, wanashusha ndoano. Mimi ni mtu wa Ukerewe, nimekulia kwenye mitumbwi, na majira ya baridi ya tatu ya kukaa ndani yalinishinda. Nikasema nami nitavua. Tundu linatobolewa kwa keekee ndefu, ya mkono au ya injini. Za injini wenyewe wanaziita "za gesi", na gesi kwao ni petroli. Zipo pia zinazotumia gesi ya mtungi kweli kweli, kwa hiyo ukiingia dukani sema kabisa unataka ipi.

Muuzaji hakuniuliza swali hata moja. Hakuuliza navua samaki gani, ziwa gani, nafika kwa gari au kwa miguu. Akanishikisha kubwa kuliko zote, ya inchi 10, eti samaki mkubwa hatapita kwenye tundu dogo. Mimi natafuta wolai, yule mwenye macho yanayong'aa usiku kama ya paka. Tundu la inchi 8 linampitisha bila tabu. Inchi 10 ni ya wanaotafuta paiki wakubwa wenye mdomo kama wa mamba, na wengi wao wanabeba mashine kwenye gari au pikipiki ya theluji. Mimi natembea.

Na hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi. Nusu ya 8 ni 4, nne mara nne 16. Nusu ya 10 ni 5, tano mara tano 25. Yaani kwa inchi mbili tu za upana unakata barafu zaidi ya mara moja na nusu, kila tundu, siku nzima. Mtu anayeuza mashine hizi kila siku analijua hilo. Ile yangu ina ratili 33, karibu kilo 15, kabla hujajaza mafuta. Nilikwenda nayo ziwa la Mille Lacs, barafu ina inchi kama 20, na baada ya tundu la nne mikono ilikuwa inatetemeka hata kufunga ndoano nashindwa. Mwezi wa 12, barafu ikiwa ya inchi 5 au 6, keekee ya mkono ya inchi 6 inamaliza kazi ndani ya dakika moja, na bei yake haifiki hata robo. Hakunionyesha hata moja.

Sasa mafuta, ndipo damu inapochemka.

Injini yangu ni ya kuchanganya oili na petroli, kama chensoo, kama mashine za zamani za boti kule kwetu. Kitabu chake kinasema 40 kwa 1, maana yake mililita 25 za oili kwa lita moja ya petroli. Hilo nililisoma na nikalifuata. Ambalo hakuna aliyeniambia ni kwamba petroli ya kawaida ya vituo vya hapa imechanganywa na ethanoli, yaani spiriti, asilimia 10. Ethanoli inavuta maji. Ukiiacha kwenye kabureta ndogo miezi kadhaa, mafuta yanaoza, yanaacha utandu kama gundi, na vitundu vya kupitishia mafuta vinaziba. Minnesota ipo petroli isiyo na ethanoli, inauzwa vituoni kihalali kwa ajili ya injini ndogo kama hizi. Unalipa zaidi kwa galoni. Neno moja tu pale kaunta lingeniokoa: "weka ile, na mwisho wa msimu kausha tangi."

Nilinunua mwezi wa 2 mwaka jana, nikaitumia mara tatu, nikaiweka. Desemba navuta kamba, kimya. Navuta mpaka bega linauma. Nikairudisha dukani, bado ina udhamini wa miaka miwili. Wakafungua kabureta, wakanionyesha utandu, wakasema hii ni mafuta mabaya, udhamini hauhusiki. Kaunta ile ile! Mtu yule yule! Kwa nini elimu ya mafuta inapatikana siku ya kukunyima haki yako tu, na siku ya kuchukua hela yako haipo?

Visu navyo. Yangu ina visu vya kunyoa, vilivyopinda. Kwenye barafu mpya safi vinateleza vizuri, lakini ukifungua tundu la jana lililoganda tena vinanasa, na mashine inageuka na mikono yako. Kifundo changu kilivimba siku nne. Kwa matundu ya zamani kuna visu vya kumegua. Halafu visu vya kampuni moja havikai kwenye keekee ya nyingine, nimeshanunua jozi isiyoingia.

Haya yote ni hela, ningemeza. Ila kuna jambo siwezi kulinyamazia. Nilimuuliza yule muuzaji kama naweza kutoboa nikiwa ndani ya hema, maana upepo wa ziwani saa nyingine hausimamiki. Akasema haina shida, fungua zipu kidogo. Wakuu, injini ya petroli ndani ya hema inatoa kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu. Ni sumu ile ile inayoua watu wakilala na jiko la mkaa chumbani, sote tumeshasikia misiba hiyo. Mimi nina watoto wawili na huwa naenda nao. Toboa nje, zima, ndipo usimamishe hema juu ya tundu.

Na ndugu zangu wa magrupu ya WhatsApp, mnachangia. Kila mgeni akiuliza mnamjibu "chukua kubwa, utanishukuru." Muulizeni kwanza anatembea umbali gani. Kama ni mwenyewe na miguu yake, inchi 8 nyepesi inatosha, au ya betri, mradi betri akae nayo ndani ya koti maana baridi inainyonya. Idara ya Maliasili ya jimbo inasema angalau inchi 4 za barafu ngumu, safi, kwa mtu anayetembea. Mwambieni na hilo kabla ya mambo ya injini.

Jumatatu narudi pale dukani. Wakikataa tena napeleka lalamiko ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo, wanapokea kesi za wateja. Risiti ninayo, kitabu cha udhamini ninacho, picha za kabureta ninazo. Aliyewahi kupeleka lalamiko huko aniambie, walimtaka vielelezo gani vingine?